Mashua ya Kiminini: Sehemu ya Tatu

Wiki jana tulimwacha mjukuu ameshika grainda, vumbi jeupe limemjaa kwenye nyusi, na Kuka, babu yake, amesimama mbele yake, mkono juu.

"Hapo usiguse."

Unataka kujua kwa nini? Nitakwambia, ila si sasa hivi. Jiongezee chai kwanza, maana leo kuna mgeni njiani na huyo mgeni bado sijakutajia.

Ni mfanyabiashara wa Sio Port. Ameshatuma nusu ya pesa. Kesho Jumapili anakuja na lori kuichukua mashua, na ikifika Ziwa Victoria ataipakia nyavu, taa za kuvulia omena, injini na wavuvi watano. Usiku. Giza totoro.

Watano. Shika hesabu hiyo, tutaihitaji.

Sasa turudi uani kwa Kuka, Kiminini, nje kidogo ya mji wa Kitale. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Huku ni nchi ya mahindi na maziwa ya kunywa, wala si maziwa ya kuvulia. Mashua ya faiba ya futi ishirini na kitu imefikaje chini ya mparachichi, kuku wakilala ndani yake?

Ilipanda mlima kwa lori. Kuka alikuwa dereva wa njia ya Lodwar enzi hizo, akishuka Marich na mahindi na kurudi na samaki wakavu wa Turkana. Unaikumbuka hadithi ya Wanorwe? Walileta pesa na wataalamu, wakajenga kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwanda kilifanya kazi muda mfupi sana, maana kupoza samaki katika joto lile kuligharimu zaidi kuliko samaki wenyewe. Kisha Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa imejaa ngege, ikakauka. Na mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norwe, wafadhili wakafunga virago.

Vitu vilivyobaki vikatawanyika. Kuka alidai nauli yake kwa mtu fulani, akalipwa mashua.

Hivyo ndivyo anavyosimulia yeye. Kukhu, mke wake, kila akiisikia hadithi hiyo hunyamaza na kuendelea kuchambua mboga. Umeona hilo? Mimi nililiona.

Mjukuu alitoka Bungoma kwa matatu Jumatatu, aje kuitengeneza. Kule ana kibanda cha jua kali, anatengeneza bampa za matatu na matangi ya maji. Faiba anaijua kwa vidole na kwa masikio. Jambo la kwanza alilofanya lilimshangaza Kuka: alitoa sarafu ya shilingi ishirini mfukoni, akaanza kuigonga mashua kuanzia omo.

Ti. Ti. Ti. Sauti kavu, faiba imeshikana.

Akasogea ubavuni. Ti. Ti.

Akafika tezini, kwenye ubao wa nyuma unaobeba injini.

Du.

Akarudia. Du. Du. Du.

"Kuka, hapa ndani kumeoza."

"Ni rangi tu hiyo. Paka resini juu, bandika faiba mbili, tumalize."

Kijana hakubishana na mzee. Alikata kipande cha karatasi ya nailoni, akakibandika kwa gundi pande zote nne juu ya ile sehemu ya "du", akaenda kulala. Asubuhi akamwita babu yake. Chini ya nailoni matone ya maji yalikuwa yamejipanga, na usiku ule mvua haikunyesha hata tone.

Maji yalikuwa yanatoka ndani ya mashua yenyewe!

Hapa nisikilize vizuri, maana kuna watu wanakufa kwa kutolijua hili. Resini haishiki kwenye kitu chenye maji. Utapaka, itakauka, itang'aa, mnunuzi atajitazama humo. Lakini ile injini ikianza kusukuma, nguvu zake zote zinaegemea ubao wa tezi. Siku moja, mbali na ufuko, kiraka kinabanduka na ubao unaondoka na injini. Maji yanaingia kwa nyuma. Wavuvi watano, nilikwambia ushike hesabu.

Basi kijana akafanya kazi kama inavyotakiwa. Ubavuni palikuwa na tundu pia; alilisaga pembeni kwa mteremko mrefu, mara kumi na mbili ya unene wa faiba, ili mkeka mpya upate pa kushikilia. Unene ukiwa milimita 6, unasaga karibu milimita 72 kila upande. Kuka aliona ni uharibifu mtupu. Tundu lililokuwa dogo kama embe sasa limekuwa beseni!

Kisha akaingia kwenye rangi. Nyeupe ikatoka. Chini yake buluu. Chini ya buluu, kijani. Na chini ya kijani, kwenye ubavu wa kushoto karibu na omo, tarakimu nyeusi zikaanza kuchungulia. Nne. Saba.

Ndipo Kuka aliposema, "Hapo usiguse."

Haya, tumefika. Kijana akazima grainda.

"Kwa nini, Kuka?"

"Namba ya zamani ni mkosi. Iache. Funika."

Mjukuu akavuta turubai akaifunika omo yote. Lakini moyo wake ulishashtuka, na wewe wako pia, sivyo? Akahamia tezini, akachanja faiba ya ndani kwa mstari mrefu, akaikunja nje.

Harufu ikampiga. Plaiwudi nyeusi, laini, inabonyea kwa kidole. Hilo alilitarajia.

Ambalo hakulitarajia ni hili: nusu ya ule ubao haikuwa plaiwudi ya mashua. Ilikuwa kipande cha mlango. Bawaba moja bado ilikuwa pale, ina kutu, imezikwa ndani ya paste ya magari. Mtu fulani aliwahi kuukuta ubao umevunjika, akaziba kwa haraka, akapaka rangi juu ya namba, mara mbili, mara tatu.

Kijana akainua macho. Kukhu alikuwa amesimama nyuma yake, amejifunga leso, mikono mitupu.

"Mwambie," Kukhu alimwambia mumewe. "Mwambie mtoto, la sivyo namwambia mimi."

"Mama, rudi jikoni."

"Sirudi. Miaka yote hii nimelala na hilo jambo. Sasa unataka kuwauzia watoto wa watu?"

Nyamaza hapo kidogo. Nyuma ya nyumba kuna kitu kinaendelea na hakuna anayekiangalia.

Kilo moja ya resini hutaka hadina, dawa ya kuikausha, kidogo tu, mililita 10 hadi 20. Lakini asubuhi za Kitale ni baridi, na kwenye baridi resini hukawia kukauka. Kuka ana haraka, mgeni anakuja kesho. Kijana alipokuwa anakunywa uji, mzee alikuwa ameingia stoo, akafungua mkebe uliojaa resini, akamimina hadina kwa kifuniko. Kimoja. Viwili. Vinne.

Hadina ikizidi, resini haikauki tu. Inachemka yenyewe bila moto. Mkebe unapata joto, unatoa moshi, unaweza kuwaka. Na pembeni ya mkebe huo imekaa galoni ya asetoni.

Kule uani, Kuka alifungua kinywa. "Mjukuu wangu, mashua hii..."

Honi.

Lori langoni. Mgeni amekuja siku moja kabla! Mtu mrefu, mvi kidogo, kofia mkononi. "Mulembe," akaamkia, ingawa kwa lafudhi ulijua si Mbukusu. Hakuangalia tezi iliyopasuliwa. Hakuuliza bei. Alitembea moja kwa moja hadi omo, akaweka kiganja juu ya turubai.

"Hii ndiyo mia tatu arobaini na saba?"

Kuka akakaa chini, palepale kwenye vumbi la faiba.

Mjukuu akapata baridi mgongoni. Yeye aliona nne na saba tu. Ni macho ya nani yaliyoiona tarakimu ya kwanza, iliyobaki chini ya rangi?

Akavuta turubai. Akachukua msasa, akasugua kwa nguvu kushoto kwa ile nne. Kijani kikatoka. Weusi ukajitokeza, mkunjo mmoja, kisha mkunjo wa pili.

Tatu.

"Mzee," mgeni alisema, macho kwa Kuka, sauti haikupanda wala kushuka, "nimetafuta chombo hiki tangu nikiwa mtoto. Nani alikuwa kwenye usukani usiku ule?"

Kuka akainua mkono polepole, akaanza kuonyesha kidole. Hakujionyesha mwenyewe. Alimwonyesha Kukhu.

Na nyuma ya nyumba, stoo ikalipuka.

Itaendelea Jumamosi ijayo.