Karatasi Nne za Yayoi Kusama

Yayoi Kusama alizaliwa mwaka 1929 katika mji wa Matsumoto, Japani, kwa jamaa ya wauzaji wa miche na mbegu. Alipokuwa karibu kuhamia Marekani, mwaka 1957, aliziteketeza nyingi katika picha zake. Hasara hiyo ndiyo iliyowarahisishia wahakiki kudai kwamba usanii wake ulizaliwa New York, zilipoonyeshwa nyavu zake nyeupe mwaka 1959.

Dai hilo ni jepesi mno. Mchoro wake wa penseli wa mwaka 1939 tayari waonyesha mwanamke aliyefunikwa kwa vitone. Tena, katika vitu vya marehemu Joseph Cornell, fundi wa masanduku ya sanaa aliyekuwa sahibu yake, vilivyowekwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, zilivumbuliwa picha nne za rangi ya maji alizozichora kabla ya safari: maumbo yang'aayo katikati ya giza. Stakabadhi nayo ilikuwapo. Cornell alizinunua mwaka 1964, zote nne kwa dola 200, fedha ambayo leo pengine haitoshi kununulia fremu zake.

Cornell alifariki mwaka 1972. Mwaka uliofuata Kusama alirejea Japani. Karatasi zile zikabaki ng'ambo.