Biopsi ya titi: majibu ya haraka yanaaminika kwa kiasi gani?

Mwanamke wa Gisenyi, wilayani Rubavu, anayegundua uvimbe kwenye titi huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na mara nyingi hulazimika kwenda mbali zaidi ili ugonjwa uthibitishwe. Miongoni mwa vituo vinavyotoa huduma hiyo ni kituo cha saratani cha Butaro, wilayani Burera, kilichofunguliwa Julai 2012.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wagonjwa 144 wa hospitali za Butaro na Rwinkwavu ulibaini kwamba nusu yao walikaa miezi 15 au zaidi tangu dalili ya kwanza hadi saratani kuthibitishwa. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwenye huduma. Kutokana na pengo hilo, vipimo vya haraka vya tishu vina umuhimu mkubwa, mradi tu mipaka yake ieleweke.

Njia zinazotumika

Katika utaratibu wa kawaida, kipande cha tishu huhifadhiwa kwa formalini, huwekwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba na kupakwa rangi kabla ya kutazamwa kwa hadubini. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa.

Njia ya kugandisha tishu, iliyoenezwa na Louis B. Wilson wa Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1905, hutoa jibu kwa takriban dakika 20. Njia nyingine ni kugusisha tishu kwenye kioo, au kufyonza seli kwa sindano nyembamba, kisha kuzipaka rangi na kuzisoma papo hapo.

Usahihi wake

Jibu la kugandisha linalosema "ni saratani" likitolewa na mtaalamu mzoefu, huwa la kweli karibu kila mara. Makosa ya aina hiyo ni chini ya 1 kati ya 100. Jibu la "si saratani" ndilo linalohitaji tahadhari. Titi lina mafuta mengi, na mafuta hayagandi vizuri. Barafu nayo huharibu umbo la seli. Uvimbe usiofikia sentimita 1 unaweza kukosewa, au tishu yake kuisha kabla ya uchunguzi kamili.

Seli zilizofyonzwa au kugusishwa zina upungufu mwingine: haziwezi kuonyesha kwa uhakika kama saratani imebaki ndani ya mirija ya maziwa au imeshapenya nje.

Mfano wa hesabu unasaidia. Iwapo kipimo hutambua wagonjwa 90 kati ya kila 100 wenye saratani, basi 10 huambiwa kwamba hawana ugonjwa, nao wanao.

Kutambua aina ya saratani

Dawa huchaguliwa kulingana na vipokezi vya homoni na protini ya HER2. Mashine ya GeneXpert, inayojulikana zaidi kwa kupima kifua kikuu, ina kipimo cha vipokezi hivyo kinachotoa majibu kwa saa chache, na kimeshajaribiwa kwa tishu kutoka Rwanda. Hata hivyo, kipimo hicho hufuata baada ya saratani kuthibitishwa; hakichukui nafasi ya hadubini.

Usahihi pia hutegemea utunzaji wa sampuli. Tishu inapaswa kuingizwa kwenye formalini ndani ya saa moja na kukaa humo kwa saa 6 hadi 72. Sampuli iliyocheleweshwa njiani inaweza kutoa jibu la uongo kuhusu vipokezi.

Kabla ya kuamua

Wataalamu hulinganisha mambo matatu: uchunguzi wa mikono, picha na tishu. Yasipoafikiana, biopsi hurudiwa, hata kama jibu la kwanza lilikuwa la kutia moyo. Mgonjwa ana haki ya kuuliza ni njia gani iliyotumika na kama ripoti ya mwisho imetoka, hasa kabla ya kukubali titi liondolewe. Na uvimbe unaoendelea kukua baada ya jibu la "si saratani" urudishwe kwa daktari bila kusubiri.