Kompyuta ya mtumba, kapasita zilizovimba na yale matundu yaliyoachwa wazi

Wadau, ukifungua kompyuta ya zamani, karibu na prosesa utakuta vikopo vidogo vimesimama kama mapipa. Hizo ndio kapasita. Pembeni kuna viduara vimechorwa kwenye mazabodi, vina matundu mawili, halafu hamna kitu. Wengi tunadhani kuna mtu kachomoa. Hapana, viliachwa hivyo kiwandani. Mchoraji alitenga nafasi, wenye hela wakaona mashine inawaka hata bila hizo, wakabana matumizi.

Mwaka 2011 kaka mmoja wa Ndalambo (jina kapuni) alikuwa anachapa mitihani ya shule kwa kompyuta moja tu. Songwe ilikuwa bado haijazaliwa, huko kote kulikuwa mkoa wa Mbeya. Mitihani imekaribia, mashine ikaanza kujizima. Kila mtu anamwambia virusi. Akaweka Windows upya mara tatu, wapi! Akaipakia kwenye gari mpaka Tunduma. Fundi kufungua tu akacheka: vichwa vya kapasita vimevimba kama maandazi.

Sasa hii ina historia yake. Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974, mlango ukafunguliwa 1993. Kwa hiyo wengi tulianza kuzizoea wakati wenzetu wameshaanza kutupa za kwao, na mtumba ndio ukawa shule yetu. Na bahati mbaya, kuanzia kama 1999 hadi 2007 dunia ilijaa kapasita mbovu. Kile kimiminika cha ndani kilichanganywa vibaya, kinakula aluminiamu, kinatoa gesi, kichwa kinavimba mpaka kinapasuka. Dell walitenga takriban dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya OptiPlex zao zenye shida hiyo. Wateja wa kule wakabadilishiwa. Mashine za miaka hiyohiyo ziliposhuka huku, waranti haikupanda meli. Ikabaki kazi ya fundi.

Fundi wa Tunduma akang'oa zilizovimba, akaweka nzima alizotoa kwenye bodi iliyokufa. Halafu akajaza na matundu mawili yaliyokuwa wazi. Kapasita zikikaa kwenye njia moja ya umeme, ujazo wake unajumlishwa, umeme wa prosesa unatulia, na kila moja inapata joto kidogo kuliko mwanzo.

Ila usikurupuke, mdau. Volti iliyoandikwa kwenye kapasita ilingane na ile ya mwanzo au izidi. Ukigeuza hasi na chanya inakupasukia usoni, na alama za kwenye bodi hazifanani kwa makampuni yote, kwa hiyo pima na mita kwanza. Tena kuna matundu ambayo hata koili zake hazikufungwa. Hapo ukijaza umepamba tu.

Mimi naona kilichookoa ile mashine ni kubadilisha zile mbovu. Yale mawili ya nyongeza ni kama kachumbari pembeni ya chips, lakini mtaani sifa zote walipewa hayo.

Mitihani ikachapwa kwa wakati. Zile zilizovimba fundi alimrudishia kwenye mfuko wa nailoni, na kaka akazipanga juu ya kaunta, wazione wale wa virusi.