Kamera ya Dijitali Ilivyoingia Nyumbani

Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi kijana wa kampuni ya Kodak mjini Rochester, Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, ikapiga picha ya nyeusi na nyeupe yenye nukta 10,000 tu, na ilihitaji sekunde 23 kuihifadhi kwenye kaseti. Kuitazama kulidai mtambo mwingine uliounganishwa na televisheni. Kodak, iliyokula kwa filamu, karatasi na dawa za kusafishia picha, haikuwa na haraka ya kuipeleka dukani.

Ilipita karibu miaka 20 kabla ya mzazi wa kawaida kuweza kuifikiria. QuickTake 100 ya Apple, iliyotoka mwaka 1994 kwa dola 750 hivi, ilijaa baada ya picha 8 za ubora wa juu, na haikuwa na kioo cha kuzionyesha. Bado filamu ilikuwa chaguo la busara.

Kilichogeuza mambo ni kioo hicho. Mwaka 1995 Casio ya Japani ilitoa QV-10, kamera yenye kioo kidogo mgongoni. Picha zake zilikuwa hafifu, lakini aliyepiga aliona papo hapo kama mtoto amefumba macho, akafuta na kurudia bila gharama. Kwa filamu, kosa hilo lilijulikana baada ya picha zote 36 kusafishwa, sherehe imeshapita.

Baada ya hapo watengenezaji walianza kushindania megapikseli, yaani mamilioni ya nukta za picha, nazo zikawa kipimo cha kwanza cha wanunuzi. Kipimo hicho kilipotosha wengi. Picha ya albamu ya sentimita 10 kwa 15 huchapwa vizuri kwa megapikseli 2 hivi, kiasi ambacho kamera kama Nikon Coolpix 950 zilikwisha kukifikia mwaka 1999. Kuzidisha nukta kwenye kihisi mwanga kilekile kidogo huiachia kila nukta mwanga kidogo zaidi. Matokeo yake ni chengachenga sebuleni jioni, na huko ndiko familia hupigia picha nyingi.

Udhaifu uliowaudhi wazazi zaidi haukuandikwa kwenye boksi. Katika kamera nyingi za awali, kitufe kilibonyezwa, lenzi ikatafuta shabaha, na picha ikapigwa baadaye kidogo, mtoto ameshageuka. Kioo nacho kilimaliza betri upesi, hivyo kamera iliyotumia betri za kawaida za dukani ilikuwa na faida kubwa safarini.

Mwaka 2010, chama cha watengenezaji cha Japani, CIPA, kilihesabu kamera zaidi ya milioni 120 zilizopelekwa sokoni mwaka huo. Mwaka 2021 hazikufika milioni 10. Simu, zilizoanza na kamera duni kama ile ya Sharp J-SH04 ya mwaka 2000, zilikuwa zimechukua kazi hiyo. Kodak yenyewe iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012. Anayenunua kamera ya familia leo hutafuta kile ambacho simu nyingi hukifanya kwa shida: kihisi kikubwa kwa mwanga hafifu, na lenzi inayovuta mbali kwa vioo vyake, si kwa kukata na kukuza picha, pale mtoto anapoigiza kwenye jukwaa la shule na mzazi ameketi safu ya nyuma.