Tuba ya F na Besi ya Nyimbo Zetu

Hapo kale, katika nchi za Ulaya, sauti ya chini ya tarumbeta ilikuwa na taabu. Kazi hiyo ilifanywa na serpenti, bomba la mti lililopindwa mfano wa nyoka, kisha na ofikleide ya shaba. Vyombo hivyo vilikuwa na matundu ubavuni, na sauti zake hazikulingana: moja nene, nyingine nyembamba.

Hata tarehe 12 Septemba 1835, mjini Berlin, Wilhelm Wieprecht, mwongozi wa bendi za askari, na fundi Johann Gottfried Moritz wakapewa hati ya serikali kwa tuba ya F yenye vali tano. Mwaka uo huo, huko Vienna, Joseph Riedl alipewa hati ya vali ya kuzunguka, ambayo kwa mgeuko mdogo huipeleka pumzi njia nyingine. Baadaye mambo hayo mawili yaliunganishwa, na tuba ya namna hiyo ingali ikipigwa sana Ujerumani na Austria.

Basi ubora wake hupimwaje? Bomba lake lina urefu wa futi 12 hivi, nalo la tuba zilizo kubwa kabisa hufika futi 18. Kwa hiyo sauti zake za juu hutoka upesi, nazo ni safi. Mwenye kuipima na aanzie chini, katika C ipigwayo kwa vali ya nne. Hapo tuba nyingi za F husikika kana kwamba zimezibwa. Apige kwa pumzi ndogo, kisha kubwa, asikilize kama sauti yaitika mara moja. Kisha apige sauti zitakazo vali mbili au tatu pamoja. Vali zikiongezeka, bomba huwa fupi kuliko ipasavyo, na sauti hupanda. Vali ya tano iliwekwa kuponya kasoro hiyo.

Desturi ya tarumbeta katika ibada ilienea kwa Walutheri wa Ujerumani karne ya 19, ikafika Afrika ya Mashariki pamoja na wamisioni. Wimbo wa F mara nyingi hupita C kabla ya kurudi nyumbani kwake. C ikiwa dhaifu, ubeti hukosa nguzo mwishoni, na waimbaji huyumba. Kwa hiyo, enyi walimu, mtakapochagua tuba, msivutwe na mng'ao wa shaba. Isikilizeni kwanza C ya chini.