Vali za Kariya

Kampuni ya Toyota ya Japani ilizoea kuletewa vifaa vya motakaa saa ile ile vinapotakiwa, ili fedha zisilale ghalani. Lakini vali zake ndogo za breki, kila moja yapata ukubwa wa pakiti ya sigara, karibu zote zilitoka katika kiwanda kimoja cha Aisin mjini Kariya. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda hicho kikaungua. Akiba ilikuwa haba mno; siku chache hazikupita, viwanda vya Toyota vikasimama. Sisi twaona kosa halikuwa kubana akiba, bali kutegemea mlango mmoja. Ndipo michoro ikagawiwa kwa makampuni mengine, mengi yao hayajapata kufanyiza vali kamwe, na kwa muda wa juma moja hivi motakaa zikaanza kutoka tena. Kampuni moja miongoni mwao ilikuwa ya vyerehani.