Nani Ataitaja Lugha? Mijadala ya Mashabiki wa Filamu Kubwa za Jasura kama Chanzo cha Historia ya Lugha za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna mashabiki wa filamu za jasura zenye bajeti kubwa walivyochangia kuhifadhi historia ya lugha za Afrika Mashariki zilizotumika katika uundaji wa filamu hizo. Mifano mitatu inachambuliwa: jina la Uhura katika Star Trek (1966), sauti ya Nien Nunb katika Return of the Jedi (1983) na msemo "hakuna matata" katika The Lion King (1994). Makala inajenga hoja kwamba mijadala ya mashabiki imeibua taarifa ambazo filamu zenyewe hazikuzitoa, lakini pia imeeneza makosa pale watu walipopokezana habari bila kuisikiliza lugha yenyewe. Kwa hiyo, msemaji wa lugha anapaswa kuhesabiwa kuwa shahidi wa kwanza katika utafiti wa aina hii.

1. Utangulizi

Historia ya filamu kubwa za Marekani kwa kawaida huandikwa kutokana na kumbukumbu za studio, wasifu wa waongozaji na mahojiano na mafundi. Kuna chanzo kingine ambacho wanahistoria wamechelewa kukitilia maanani, nacho ni mazungumzo ya mashabiki kuhusu jinsi filamu hizo zilivyotengenezwa. Shabiki hatosheki na hadithi. Hutaka kujua jabali lile lilipigwa picha wapi, mdoli yule aliendeshwa na nani, na sauti ile ilitolewa katika koo la nani. Swali hilo la mwisho ndilo linalowagusa wanaisimu wa Afrika Mashariki, kwa kuwa mara kadhaa jibu lake limepatikana katika lugha za eneo hili.

Mtazamaji aliyezifahamu lugha hizo alikuwa na jambo la kusema ambalo watengenezaji wenyewe huenda hawakulijua. Tatizo ni kwamba kauli yake ilikuwa ya mdomo, nayo ilishindana na maandishi yaliyochapwa mbali na nyumbani kwake. Sehemu zifuatazo zinafuatilia mashindano hayo.

2. Uhura: nomino iliyobadilishwa tamati

Mfululizo wa Star Trek ulianza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1966, na filamu yake ya kwanza ya sinema ilitoka mwaka 1979. Miongoni mwa wahusika wake wakuu ni afisa wa mawasiliano, Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, ambayo mandhari yake ni Kenya. Neno hilo lilimpendeza Gene Roddenberry, mwasisi wa mfululizo. Ili lilainike na kulifaa jina la mwanamke, tamati yake ikabadilishwa kutoka u kuwa a.

Simulizi hiyo imerudiwa na mashabiki kwa zaidi ya nusu karne, na ni ya thamani kwa sababu inaonyesha uamuzi wa kisarufi uliofanywa nje ya sarufi ya Kiswahili. Katika Kiswahili, irabu ya mwisho haitofautishi jinsi. Neno uhuru limeundwa kwa kiambishi u- cha nomino dhahania na mzizi -huru, wenye asili ya Kiarabu. Anayebadilisha irabu ya mwisho hapati uhuru wa kike. Anapata umbo ambalo Kiswahili hakilijui. Dhana ya kwamba a ni alama ya mwanamke imetoka katika majina ya Kizungu.

Hata hivyo, mashabiki wameeleza pia jambo ambalo mchambuzi wa sarufi angeweza kulipita. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1967, chombo chenye akili kinafuta kumbukumbu za Uhura, naye anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, anachanganya Kiswahili. Lugha ya kwanza ya mhusika inajitokeza pale ambapo elimu yake nyingine imefutika. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki, hilo lilikuwa na uzito. Lugha iliyozoeleka kusawiriwa kama ya wapagazi na watumishi wa safari za uwindaji ilikuwa sasa lugha ya afisa wa karne ya 23.

3. Nien Nunb: Kihaya, Kikikuyu au Kikalenjin?

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Katika filamu za Star Wars, zilizoanza mwaka 1977, fundi wa sauti Ben Burtt alitafuta lugha za binadamu ambazo watazamaji wengi wa Marekani hawakuzifahamu, akazitumia kama malighafi ya lugha za viumbe wa kubuni. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba Kizulu kilikuwa msingi wa sauti za Jawa, na Kikechua cha Amerika ya Kusini kilichangia lugha ya Greedo. Katika Return of the Jedi, rubani msaidizi Nien Nunb alipewa sauti ya Kipsang Rotich, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani. Mhusika huyo hazungumzi Kiingereza hata kidogo, na maneno yake hayakutafsiriwa kwenye kiwambo. Mwenzake, Lando Calrissian, anamjibu kwa Kiingereza kana kwamba amemwelewa.

Kwa miaka mingi habari iliyoenea miongoni mwa mashabiki ilikuwa kwamba Nien Nunb anazungumza Kihaya cha Tanzania. Habari hiyo ilichapwa, ikanukuliwa, kisha nukuu zikanukuliwa. Wasemaji wa Kikikuyu walioitazama filamu walisikia jambo jingine: waliyatambua maneno ya lugha yao wenyewe. Maelezo ya baadaye yalikitaja Kikikuyu pamoja na Kikalenjin.

Isimu inaweza kuupima mgogoro huu. Kihaya na Kikikuyu zote ni lugha za Kibantu, na Malcolm Guthrie aliziweka katika kanda moja, kanda E. Lakini hazifanani kiasi cha kumkanganya msikilizaji anayezifahamu. Kihaya kina irabu tano na hutanguliza irabu mbele ya kiambishi cha nomino, hivyo mtu ni omuntu. Kikikuyu kina irabu saba na hakina irabu hiyo tangulizi. Mtu ni mũndũ. Aidha, Kikikuyu kinafuata Kanuni ya Dahl, inayoigeuza sauti k kuwa ya ghuna inapotangulia silabi yenye konsonanti isiyo ghuna. Kikalenjin kiko mbali zaidi, kwa kuwa ni lugha ya Kinailoti isiyo na mfumo wa ngeli za Kibantu. Jina la msemaji nalo lilikuwa dalili tosha: kiambishi Kip- hutumika katika majina ya wanaume wa Kikalenjin. Aliyedai kwamba kijana mwenye jina hilo alirekodi Kihaya alipaswa kueleza alijifunza wapi lugha ya Bukoba. Swali hilo halikuulizwa kwa sababu wengi waliopokezana habari hawakuwa na sababu ya kuitofautisha lugha moja ya Kiafrika na nyingine.

Hapa ndipo uzito wa suala unapoonekana. Lugha hizo zilichaguliwa kwa sababu zilionekana ngeni kiasi cha kufaa kuwa za sayari nyingine. Kukosea jina lake baada ya hapo ni kuukamilisha ugeni huo: kwanza lugha inaondolewa kwa watu wake, kisha inapewa watu wengine. Wasemaji waliocheka kwa furaha katika ukumbi wa sinema ndio walioirejesha kwa wenyewe.

4. Hakuna matata: msemo kuwa mali

Mfano wa tatu unahusu Kiswahili chenyewe. Watengenezaji wa The Lion King walifanya ziara ya utafiti nchini Kenya, na filamu ikatoka na majina kama Simba, Rafiki na Pumbaa. Msemo "hakuna matata" ulikuwa tayari maarufu katika hoteli za pwani, hasa kupitia wimbo "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms. Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliomba kuusajili msemo huo kuwa alama ya biashara ya mavazi, na usajili ukakamilika mwaka 2003.

Mjadala mkubwa ulizuka mwaka 2018, toleo jipya la filamu lilipokuwa likisubiriwa. Ombi lililoanzishwa na mwanaharakati kutoka Zimbabwe lilikusanya saini zaidi ya 100,000. Wanasheria walifafanua kwamba alama ya biashara haimzuii mtu kuutamka msemo. Inahusu bidhaa maalumu katika soko maalumu. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini haukuwajibu waliolalamika. Wao waliuliza kwa nini msemo wa umma usajiliwe na asiyeutunga. Wasemaji wengi, hususan Tanzania, waliongeza kwamba katika mazungumzo ya kila siku wao husema "hamna shida". Kwa hiyo kilichosajiliwa ni Kiswahili kilichokwisha kuchujwa na utalii kabla ya kufika studio.

5. Mjadala

Mifano hii inaonyesha mabadiliko. Mwaka 1966 neno lilichukuliwa na kukatwa tamati. Mwaka 1983 lugha nzima ilitumika bila kutajwa. Kufikia mwaka 2018 wasemaji walikuwa wakidai haki ya kuulizwa. Hatua hiyo inalingana na yaliyotokea upande wa isiXhosa: mwigizaji John Kani alipendekeza lugha hiyo itumike katika Captain America: Civil War (2016), nayo ikaendelea kutumika katika Black Panther (2018) ikiwa inajulikana kwa jina lake. Hata hapo mashabiki walikuwa na swali la haki: kwa nini Wakanda, nchi ya kubuni ambayo aghalabu huwekwa Afrika Mashariki, izungumze lugha ya Afrika Kusini?

6. Hitimisho

Mijadala ya mashabiki ni hazina inayohitaji kupepetwa. Ina ushahidi wa masikio ambao kumbukumbu za studio hazina, na ina makosa yanayopata nguvu kwa kurudiwarudiwa. Wajibu wa vyuo na mabaraza ya Kiswahili ya eneo hili ni kurekodi ushuhuda wa watazamaji wa kizazi cha 1983 wakiwa bado hai, kunukuu kwa maandishi sanifu kila sentensi ya Kiafrika iliyomo katika filamu hizi, na kuithibitisha kwa wasemaji wenyewe. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji msikilizaji anayeijua lugha, na jina sahihi la lugha hiyo kuandikwa mahali ambapo watakaokuja watalikuta.